Kuunganisha sabufa yenye amplifaya yake kwenye risiva ya zamani ya stereo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Maneno ya herufi kubwa (TAPE OUT, PRE OUT, LEVEL na mengineyo) ni yale utakayoyakuta yamechapishwa kwenye mtambo wenyewe.

## Kabla ya kushika waya

1. Risiva yangu ni ya miaka ya 1970 au 1980 na haina tundu la sabufa. Bado inawezekana?

Inawezekana, na kwa kawaida bila kuifungua wala kuigusa ndani. Risiva hizo zilitengenezwa kabla sabufa haijawa kitu cha kawaida sebuleni, ndiyo maana hazikuwekewa tundu lake. Ila sabufa haidai tundu maalumu. Inachotaka ni sauti ile ile inayokwenda kwenye spika, ipande na kushuka pamoja na nobu ya voliumu.

Hilo la voliumu ndilo la kushika kuliko yote humu. Ukichukua sauti mahali ambapo nobu ya voliumu haifiki, utapunguza spika hadi zinong'one na sabufa itaendelea kutikisa vyombo kabatini. Kwenye risiva ya zamani kuna sehemu tatu zinazoifuata voliumu: vibano vya spika, matundu ya PRE OUT (ya kutolea sauti kabla haijakuzwa) kama yapo, na tundu la hedifoni. Vibano vya spika havikosekani kwenye risiva yoyote, kwa hiyo njia hiyo ndiyo tunayoanza nayo.

Risiva tunayoisema hapa ni amplifaya yenye redio ndani yake. Si king'amuzi cha televisheni.

2. Ni sabufa ipi hasa? Hizi za dukani zenye spika mbili ndogo zinafaa?

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue ukaulizia sabufa, au wufa kama wasemavyo Nairobi, utapewa seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya, rimoti, tundu la fleshi, na spika mbili au tatu ndogo. Sabufa tunayoizungumzia hapa ni boksi la besi peke yake, lenye waya wa umeme na amplifaya ya kuendesha koni yake tu. Nyuma yake kuna nobu ya LEVEL (ukubwa wa sauti yake), nobu ya CROSSOVER au krosova (chujio linaloamua besi yake iishie wapi kwenda juu) na swichi ya PHASE (swali la 15).

Seti ya dukani inaweza kutumika kama sabufa ukiacha spika zake ndogo bila kuunganishwa. Lakini tundu lake la kuingizia sauti ni la RCA tu, lile la plagi nyekundu na nyeupe, kwa hiyo soma swali la 11 na la 13. Usijaribu kamwe kupeleka waya wa spika moja kwa moja kwenye tundu hilo.

3. Nitajuaje kama sabufa yangu ina amplifaya ndani?

Tazama kama ina waya wa umeme. Kama haina, amplifaya haimo. Boksi za namna hiyo huuzwa sana mtumbani, na nyingi zimetengwa na seti za hom theta ambazo mtambo wake mkuu ndio uliokuwa ukiziendesha. Zina waya mmoja wa spika na maandishi kama 3 Ω au 6 Ω (Ω ni omu, kipimo cha upinzani).

Boksi hilo usilifunge kwenye vibano vya risiva pamoja na spika zako. Risiva nyingi za zamani zimetengenezwa kwa mzigo wa omu 8 kwa kila upande, na ukiongeza koni ya omu 3 sambamba na spika ya omu 8, mzigo unashuka hadi takriban omu 2.2. Transista za kutolea sauti zitachemka, na ukibahatika kitakachoungua ni fyuzi tu. Boksi kama hilo linahitaji amplifaya yake ya pembeni, na hiyo ni kazi nyingine.

## Njia ya waya za spika

4. Hatua zenyewe ni zipi?

Hakikisha sabufa ina vibano vilivyoandikwa HIGH LEVEL IN au SPEAKER LEVEL IN. Kisha:

Zima risiva na sabufa, na uchomoe plagi zote mbili ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mkono ukiteleza nyaya zikagusana wakati mtambo una moto, madhara yanatokea papo hapo.

Kata waya mbili zenye nyuzi mbili kila mmoja, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Chuna ganda milimita 10 hadi 12 kila ncha, kisha zisokote nyuzi za shaba hadi zikaze. Unyuzi mmoja uliotoroka ukagusa kibano cha jirani unatosha kuleta shoti.

Kwenye risiva, funga waya hizo kwenye vibano vile vile vilivyoshika spika, au kwenye vibano vya B (swali la 6). Nyekundu ya kulia iende kwenye nyekundu ya kulia ya sabufa, nyeusi kwa nyeusi, na upande wa kushoto vivyo hivyo. Waya wenyewe mara nyingi una mstari, maandishi au ukingo kwenye unyuzi mmoja. Chagua kwamba wenye mstari ndio chanya (nyekundu) na usibadilishe katikati ya kazi.

Kabla ya kuwasha, vuta kila waya polepole uone kama umeshika. Punguza voliumu ya risiva hadi mwisho na LEVEL ya sabufa hadi mwisho. Washa risiva kwanza. Nyingi zina rilei (swichi ya ndani inayojifunga yenyewe) ya ulinzi inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha, na usipoisikia uzime na utafute shoti. Ikilia, washa sabufa, weka wimbo, pandisha voliumu hadi kiwango chako cha kila siku, kisha ifungue LEVEL polepole hadi robo ya mzunguko. Yanayobaki yako kwenye sehemu ya kurekebisha.

5. Si nitaizidishia risiva mzigo?

Hapana. Huu ndio wasiwasi wa watu wengi na chanzo chake ni kuichanganya sabufa yenye amplifaya na ile ya swali la 3. Vibano vya HIGH LEVEL haviendeshi koni. Vinaonja tu sauti, na amplifaya ya sabufa ndiyo inayofanya kazi kwa umeme wake yenyewe. Upinzani wake huwa mamia hadi maelfu ya omu. Omu 1,000 sambamba na spika ya omu 8 zinakuwa omu 7.9, na risiva haitahisi tofauti.

Kwa sababu hiyo hiyo waya mnene hauhitajiki, maana karibu hakuna mkondo unaopita. Waya wa milimita za mraba 0.75 unatosha kwa sabufa hata ukiwa na urefu wa mita 8. Waya mzuri ubakize kwa spika.

6. Nitumie vibano vya A au B?

Kama risiva ina A na B, spika ziende A na sabufa iende B, kisha swichi iwekwe A+B. Faida yake ni kwamba unaweza kuizima sabufa kwa kubonyeza B, jambo la maana usiku majirani wakilala.

Kuna hali moja ya kuangalia. Baadhi ya risiva na amplifaya ndogo, zikiwekwa A+B, huunganisha A na B kwa kufuatana badala ya sambamba ili kulinda transista. Kwenye mtambo wa namna hiyo sauti ya spika inalazimika kupita kwenye upinzani mkubwa wa sabufa kwanza. Utaijua mara moja: ukibonyeza A+B spika zinafifia hadi karibu kunyamaza. Hakuna kilichoharibika. Toa waya za sabufa B, zifunge A pamoja na za spika, na swichi ibaki A.

7. Sabufa ina vibano vya IN na vya OUT. Spika zipitie ndani ya sabufa?

Inategemea spika. Vibano vya OUT kwenye sabufa nyingi vina kapasita ndani inayozuia besi nzito isifike kwenye spika. Kapasita ya mikrofaradi 220 kwa mfano, ikiwa na spika ya omu 8, huanza kukata chini ya Hz 90 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ni besi nzito), na kwa spika ya omu 4 huanza mapema zaidi, karibu na Hz 180. Kwa spika ndogo zenye koni ya inchi 4 au 5, hilo ni nafuu kubwa: zinaacha kuhangaika na besi zisiyoiweza, na sauti ya mwimbaji inasafika.

Kwa spika kubwa za zamani zenye koni ya inchi 8, 10 au 12, usizipitishe. Ziache kwenye risiva kama zilivyo, na sabufa ijaze pale zinapoishia. Kwenye sabufa nyingine OUT imeunganishwa na IN moja kwa moja bila kapasita, basi kupitisha hakukupi faida yoyote zaidi ya kurefusha waya.

## Njia ya waya za RCA

8. Nimeunganisha TAPE OUT na sabufa inalia. Tatizo liko wapi?

Tatizo utaliona ukipunguza voliumu. TAPE OUT au REC OUT iliwekwa kwa ajili ya kurekodi kaseti, na mtu anayerekodi hataki kaseti yake ipande na kushuka kila anapogusa nobu. Kwa hiyo sauti huchukuliwa kabla ya voliumu, kabla ya BASS na TREBLE, na kabla ya BALANCE. Sabufa itabaki kwenye kiwango kimoja siku nzima.

TAPE OUT inafaa hapa kama voliumu unaipandisha na kuishusha kwenye chanzo chenyewe, tuseme simu, na nobu ya risiva huigusi kamwe. Zaidi ya hapo ihamishe.

9. Risiva yangu ina PRE OUT na MAIN IN zilizounganishwa kwa vyuma vidogo. Nifanyeje?

Hiyo ni bahati. Risiva hizi zimegawanyika sehemu mbili, ya kuchagua na kupunguza sauti na ya kuikuza, na vile vyuma vya umbo la U ndivyo daraja kati yao. PRE OUT inafuata voliumu.

Chomoa risiva ukutani. Vuta vyuma vyote viwili na uviweke kwenye bahasha iliyogundishwa kwa utepe nyuma ya risiva, kwa maana vikipotea risiva inakuwa bubu. Nunua vigawio viwili vya RCA vyenye umbo la Y, plagi moja ya kiume kwenda matundu mawili. Kila kimoja kichomeke kwenye PRE OUT. Kutoka tundu lake la kwanza peleka waya mfupi wa RCA hadi MAIN IN ya upande ule ule, na kutoka la pili peleka waya mrefu hadi LINE IN ya sabufa.

Matundu ya RCA ya miaka 40 huwa na kutu nyepesi. Upande mmoja ukikatikakatika sauti, zungusha plagi mara kumi ndani ya tundu mtambo ukiwa umezimwa, au tumia dawa ya kusafishia kontakti. Mara nyingi ndio huo tu ugonjwa.

Kama risiva ina PRE OUT bila MAIN IN, chomeka sabufa moja kwa moja na kigawio hakihitajiki.

10. Sabufa ina tundu moja tu la RCA. Niunganishe kulia na kushoto pamoja kwa waya wa Y?

Usifanye hivyo. Y ya kugawa sauti moja iende sehemu mbili ni salama. Y ya kukutanisha sauti mbili zitokazo risiva ni kuzifunga pembe wagombane: kila upande unasukuma dhidi ya mwenzake. Na kama umetumia njia ya swali la 9, utagundua spika zako mbili zinapiga kitu kimoja na stereo imekufa.

Fundi anaweza kukuchomelea waya wenye rezista mbili za kiloomu 4.7 (njano, zambarau, nyekundu): moja kutoka ncha ya kulia, moja kutoka ncha ya kushoto, zikutane kwenye ncha ya plagi ya sabufa, na maganda yote matatu ya nje yaunganishwe pamoja. Rezista za robo wati zinatosha.

Kuunganisha upande mmoja tu pia hufanya kazi kwa kiasi, kwa kuwa muziki mwingi umerekodiwa besi ikiwa katikati. Lakini kwenye rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1960 gitaa la besi liliwekwa upande mmoja, na ukiukosa upande huo umeikosa besi yote.

Kama sabufa ina L, R na LFE, tumia L na R. Tundu la LFE huruka krosova ya ndani kwa kutegemea risiva ya kisasa imeshachuja sauti. Risiva yako haichuji, kwa hiyo utasikia hata maneno ya mwimbaji kwenye boksi la besi.

11. Sabufa ina RCA tu na risiva haina PRE OUT. Nimekwama?

Hujakwama, ila hapa ndipo sabufa nyingi zinapouawa. Sauti inayoingia kwenye RCA huwa kama volti 0.3 hadi 2. Risiva inayotoa wati 30 kwenye omu 8 inafikisha volti 15 na ushee kwenye vibano vya spika. Kumimina volti 15 kwenye mlango wa volti 2 ni kuiunguza ai-si (IC, saketi ndogo) ya kwanza ndani ya sabufa, na kabla haijaungua utasikia mkwaruzo mbaya.

Nenda duka la muziki wa magari uombe kibadilishi cha "hai-lo": kiboksi kidogo chenye waya nne upande mmoja na RCA mbili upande wa pili, chenye skrubu za kupunguza kiwango. Kimetengenezwa kwa kazi hii hii, kwa redio za gari zisizo na RCA. Waya nne ziende kwenye vibano vya spika, na RCA ziende kwenye sabufa. Skrubu anza nazo zikiwa chini kabisa.

Au kichomelee mwenyewe. Kwa kila upande: rezista ya kiloomu 10 (kahawia, nyeusi, chungwa) kutoka kibano chekundu hadi ncha ya RCA, na rezista ya kiloomu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu) kutoka ncha hiyo ya RCA hadi ganda lake, ambalo linaunganishwa na kibano cheusi. Volti 15.5 zinatoka zikiwa 1.4. Rezista haipati joto lolote la maana. Zifunike kwa mpira wa kubana kwa moto zisigusane. Kabla ya kufanya hivi pima kama ilivyoelezwa kwenye swali la 19, kwa sababu ganda la RCA linagusana na kibano cheusi na si kila risiva inakubali hilo.

12. Vipi tundu la hedifoni?

Kwenye risiva nyingi za zamani tundu hilo hupata sauti kutoka kwenye amplifaya ile ile ya spika kupitia rezista za omu mia kadhaa, na linafuata voliumu. Kama ukichomeka hedifoni spika zinaendelea kulia, tumia jeki ya milimita 6.35 ya stereo kwenda RCA mbili, na iwe ya stereo kweli, yenye mistari miwili myeusi kwenye ncha. LEVEL ya sabufa ianze chini kabisa, kwa kuwa sauti ya hapo ni kubwa kuliko ya PRE OUT. Kama spika zinanyamaza ukichomeka, njia hii haikufai.

13. Seti yangu ya dukani ina krosova?

Nyingi hazina nobu yake. Besi imeshakatwa ndani kwa kiwango kisichobadilika, mara nyingi juu kuliko inavyopendeza. Unaweza kuitumia, lakini iweke katikati ya spika zako mbili, si kwenye kona ya mbali, kwa sababu sikio litatambua sauti inatoka wapi.

## Kuirekebisha isikike kama sehemu ya muziki

14. Nianzie wapi na CROSSOVER na LEVEL?

Kwanza zima LOUDNESS kwenye risiva, na BASS iwe katikati. LOUDNESS huongeza besi voliumu ikiwa chini, na ukirekebisha sabufa huku imewashwa utakuwa unafukuza kivuli.

Kwa spika za inchi 4 hadi 5 anza Hz 80 hadi 90. Kwa za inchi 8 anza Hz 60. Kwa za inchi 10 au 12 shuka hadi Hz 50 au chini zaidi. Weka wimbo wenye besi ya gitaa inayotembea, rumba au taarab ya kisasa inafaa sana, usikilize kama kila noti ina uzito unaofanana na jirani yake. Noti zikivimba sehemu moja, shusha CROSSOVER kwanza kabla ya kugusa LEVEL.

LEVEL ipandishe hadi uisikie sabufa, kisha irudishe kidogo hadi usiisikie tena kama kitu cha pembeni. Kipimo chetu ni hiki: ukiizima, muziki unaonekana umepungua kimo, lakini ikiwa imewashwa hakuna anayeweza kukunyooshea kidole ilipo. Wengi huiacha LEVEL juu mno wiki ya kwanza kwa furaha. Hilo linaeleweka, ila irudie baada ya siku tatu.

15. Swichi ya PHASE 0 na 180 ina maana gani?

Inaamua kama koni ya sabufa inasukuma wakati koni za spika zinasukuma, au inavuta. Zikipingana, besi inafutana pale sabufa na spika zinapokutana. Kaa unapokaa siku zote, mwambie mwenzako aibonyeze swichi huku wimbo wa besi unapiga, na uchague ile inayoleta besi nyingi zaidi. Kama hakuna tofauti, acha 0.

Kama ukibadilisha mambo yanakuwa ya ajabu pande zote mbili, kagua waya za spika: huenda spika moja imefungwa chanya kwa hasi.

16. Niiweke wapi chumbani?

Kona inaongeza besi, lakini pia inaamsha mngurumo wa chumba. Chumba cha urefu wa mita 3.5 chenye kuta za tofali kinanguruma chenyewe karibu na Hz 49, na noti hiyo itavimba hata sabufa iwe ya bei gani.

Njia ya uhakika ni kuigeuza kazi. Iweke sabufa kwenye kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha uzunguke chumba ukiwa umeinama kichwa usawa wa sakafu kandokando ya kuta. Utapita sehemu ambako besi inajaa tope, sehemu ambako inapotea kabisa, na sehemu ambako kila noti inasikika. Hapo pa mwisho ndipo pa kuiweka. Dakika 15 za kuinama zinashinda kununua sabufa kubwa zaidi.

Usiiweke juu ya meza moja na pleya ya santuri. Mtikisiko unarudi kwenye sindano, unakuzwa, unarudi tena, hadi ulie mvumo usiokoma.

## Inapokataa

17. Sabufa inavuma "mmmm" hata bila muziki.

Chomoa waya zote za sauti kwenye sabufa, uache umeme tu. Kama bado inavuma, ugonjwa uko ndani yake, mara nyingi kapasita za umeme zilizochoka, na ni kazi ya fundi.

Mvumo ukikoma, umepata mzunguko wa erthi, yaani mitambo iliyounganishwa inafika ardhini kwa njia zaidi ya moja. Risiva ya zamani yenye plagi ya pini mbili haina erthi, kwa hiyo mkosaji kwa kawaida ni kitu kilichounganishwa nayo: king'amuzi chenye waya wa dishi, televisheni, au kompyuta. Chomoa kimoja kimoja. Wengi hupata jibu wanapofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi na mvumo unakatika papo hapo. Jaribu kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, kuna vitransfoma vidogo vya RCA vya kutenganisha, ingawa vya bei rahisi hula besi ya chini kabisa.

Ikiwa umetumia vibano vya spika na inavuma, angalia kama waya mweusi umeshika kweli. Chanya bila hasi huvuma daima.

Usikate pini ya erthi. Transfoma ya sabufa ikivuja siku moja, umeme utapita kwenye ganda la RCA hadi kwenye uso wa chuma wa risiva, na mkono wa kwanza kugusa nobu ndio utakaoupokea.

18. Inajizima katikati ya wimbo wa taratibu. Na koni inacheza nje na ndani bila sauti ninapopiga santuri.

La kwanza ni swichi ya AUTO: ukisikiliza kwa sauti ya chini, sabufa inadhani hakuna muziki. Iweke ON, au punguza LEVEL ya sabufa kisha upandishe voliumu ya risiva ili sauti inayoingia iwe na nguvu zaidi.

La pili ni santuri iliyopinda. Sindano inapanda na kushuka mara chache kwa sekunde, sikio halisikii, lakini sabufa inaifuata kwa utiifu wote. Bonyeza SUBSONIC au LOW FILTER kwenye risiva. Vitufe hivyo viliwekwa kwa ajili ya hili, na kama risiva yako haina, shusha LEVEL unapopiga santuri hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimeambiwa baadhi ya amplifaya haziruhusu kuunganisha nyeusi na nyeusi. Nitajuaje?

Ni kweli. Kwenye amplifaya za daraja (bridge), ambazo spika husukumwa kutoka pande zake zote mbili, vibano vyeusi navyo vina moto wa sauti, si erthi. Mifano ni redio nyingi za gari, vimashine vidogo vya aina ya Class D, na baadhi ya risiva za chaneli nne za miaka ya 1970 zinapowekwa kwenye stereo. Sabufa nyingi huunganisha vyeusi vya kulia na kushoto ndani yake, na hapo unakuwa umeleta shoti kati ya pande mbili.

Pima. Risiva ikiwa imechomolewa ukutani, weka multimita kwenye omu. Ncha moja kwenye kibano cheusi cha kulia, nyingine kwenye ganda la nje la tundu lolote la RCA. Ikisoma sifuri au chini ya omu 1, vyeusi ni erthi na uko salama. Rudia kushoto. Ikisoma juu zaidi au haisomi kitu, usifunge vyeusi. Tumia kibadilishi cha hai-lo chenye transfoma ndani.

20. Risiva imetoka Japani au Marekani. Kuna la ziada?

Umeme. Japani ni volti 100, Marekani 120, na soketi za Kenya, Uganda na Tanzania zinatoa 230 hadi 240. Tafuta swichi ya VOLTAGE SELECTOR nyuma, na kama haipo soma kibandiko. Risiva ya volti 100 inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa ile inayokula wati 200 chukua ya VA 300 hadi 500. Sabufa ya volti 230 ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye transfoma hiyo. Mpangilio huu hauzuii sauti kusafiri kati ya mitambo miwili, na mvumo ukitokea rudi swali la 17.

Zile za Marekani zilizoandikwa 60 Hz peke yake hupata joto zaidi kwenye Hz 50 zetu. Ziachie nafasi ya hewa juu, sentimita 10 angalau, na zisifunikwe kwa kitambaa.

21. Risiva ya Ulaya ina tundu dogo la spika lenye pini bapa na pini ya mviringo.

Hilo ni tundu la DIN. Pini bapa ni hasi, ya mviringo ni chanya. Plagi zake bado hupatikana kwa mafundi wa redio. Chomelea waya wa spika na wa sabufa pamoja kwenye plagi hiyo hiyo, kisha endelea na swali la 4. Tundu la mviringo lenye pini 5 mara nyingi ni la kaseti, na yale ya swali la 8 yanalihusu.

22. Naweza kuweka sabufa mbili?

Unaweza, na chumba kinasawazika zaidi. Funga zote kwenye vibano vya spika, kila moja ikipata kulia na kushoto kwa pamoja, kwa kuwa upinzani wake hauleti mzigo (swali la 5). Rekebisha moja kwanza ya pili ikiwa imezimwa, halafu washa ya pili na ushushe LEVEL za zote mbili.